Simu Inazima na Asilimia 30, Mswaki Unanuka: Anza na Pale Vinapolala

Kwetu tuko saba ndani ya nyumba moja, simu tisa na bafu moja. Bafu hilohilo ndilo choo. Kwa hiyo asubuhi maswali yanayonifikia ni mawili, yanakuja kwa zamu: "Mbona simu yangu ililala na chaji imeamka haina?" na "Nani kagusa mswaki wangu?" Mimi si fundi simu wala daktari wa meno. Ila kuulizwa kila siku nako ni shule, na nimejifunza kwamba kabla mtu hajanunua betri au kutupa mswaki, aende kwanza akaangalie usiku vinalala wapi. Nusu ya kesi zetu zimeishia hapo.

Nimepanga kwa dalili. Ruka mpaka kwenye yako.

Simu imelala na 80, imeamka na 35

Simu nzima ambayo haikuguswa usiku kucha hupoteza asilimia chache tu, tuseme tano mpaka kumi. Ikipoteza arobaini, ujue kuna kitu ndani yake kimekesha.

Fungua Mipangilio, ingia Betri, tazama orodha ya programu zilizokula chaji. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu wameshaamua jibu. Wifi yangu alishaapa kwamba betri yake imekufa na fundi ameshampa bei. Kwenye orodha, aliyekuwa juu kabisa ni hotspoti: aliiwasha jioni watoto waangalie mpira, akalala nayo inawaka, na simu mbili za jirani zikaendelea kunyonya bando mpaka alfajiri. Betri ilikuwa haina kosa.

Orodha ikiwa haina mshtakiwa, shuku mtandao. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyozibwa na kuta nene na paa la bati, inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi na kutafuta mnara tena na tena. Yenye laini mbili inaweza kuwa inatafuta kwa laini zote mbili. Mama mdogo anakaa Lushoto, nyuma ya kilima, na kila akija mjini anashangaa simu yake "imepona". Haikuwa mgonjwa. Kule ilikuwa inapiga kelele usiku kucha kuuita mnara.

Kipimo ni rahisi na hakigharimu kitu. Usiku mmoja weka simu kwenye hali ya ndegeni, andika asilimia, lala. Ukiamka namba ikiwa karibu ileile, betri yako ni nzima. Mla chaji ni mtandao au programu. Ikiwa imeporomoka vilevile, hapo ndipo uanze kuishuku betri yenyewe.

Dawa ya mtandao hafifu: laini usiyoitumia izime, simu ilale karibu na dirisha, na mahali ambapo 4G inakuja na kuondoka, iambie simu ibaki kwenye 3G au 2G mpaka asubuhi. Na tafadhali, ile tabia ya kufunga programu zote kwa kidole kila dakika tano haisaidii. Simu inatumia nguvu zaidi kuzifungua upya. Funga ile moja tu iliyoshikwa kwenye orodha.

Kuna wanaoniuliza kwa nini kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye betri ya mAh 1,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kinakaa siku nne na simu janja ya mAh 5,000 haifiki mbili. Kitochi hakina kioo kikubwa cha kuwasha wala data ya kuchungulia. Punguza mwanga wa kioo na uzime data usiku, utaona tofauti kubwa kuliko ya betri yoyote utakayonunua. Rangi nyeusi ya skrini, ambayo vijana wanaisifia, inaokoa chaji kwenye vioo vya OLED na AMOLED peke yake, ambavyo kila nukta inajiwasha yenyewe. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vilevile hata kama picha ni nyeusi.

Inazima ghafla wakati bado ina asilimia 30

Hii ndiyo yenye kuumiza roho, maana unakuwa stendi, nauli iko kwenye simu.

Ile namba unayoiona juu ya kioo ni makadirio. Betri ya lithiamu ikijaa inakuwa na volti 4.2, nyingine 4.4 hivi, na inashuka kadiri unavyotumia. Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unaongezeka. Ukiwa unasoma ujumbe tu, inavumilia. Fungua kamera na taa yake, au piga simu mahali penye mtandao hafifu, simu inadai nguvu nyingi kwa mkupuo, volti inaanguka kwa sekunde, na simu inajizima ili isiharibikiwe. Alama yake ni hii: ukichomeka chaja inawaka palepale na kukuonyesha 25 au 28, kana kwamba haikutokea kitu.

Jaribu mara moja tu kuiweka sawa mita yake. Iache iishe mpaka ijizime, kisha ichaji mpaka 100 bila kuichomoa. Kama namba ndiyo iliyokuwa imepotea njia, itarudi. Ikizima tena wiki hiyohiyo, betri imechoka. Simu nyingi zimetengenezwa kuvumilia mizunguko 500 kabla uwezo haujashuka kwenye asilimia 80 hivi, na baadhi ya mpya zinafika 1,000. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 kwa jumla: ukichaji nusu leo na nusu kesho, huo ni mmoja. Hesabu miaka yako mwenyewe.

Lile agizo la kuchaji saa nane kabla ya kuwasha simu mpya, na la kuiacha iishe kabisa kila siku, ni urithi wa betri za nikeli. Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na tangu zianze kujaa kwenye simu zetu mawaidha hayo yamepitwa na wakati. Lithiamu inapenda kukaa katikati, kati ya 20 na 80. Kuiacha ifike sifuri kila siku ni kuizeesha.

Lakini kinachozeesha betri kuliko yote, kwa nchi zetu hizi za pwani, ni joto. Apple wanasema simu zao zitumike mahali penye nyuzi 0 mpaka 35. Dar es Salaam mwezi wa pili hewa ya nje peke yake inapita 32, na chumba cha bati kinaongeza yake. Sasa chukua simu hiyo, ivike kava nene, ichomeke chaja, iweke chini ya mto juu ya godoro la sponji. Chaji yenyewe inazalisha joto na joto halina pa kutokea. Usiku mmoja niliingiza mkono chini ya mto wa kijana wangu saa nane: simu ilikuwa na joto la kikombe cha chai, lile la kukufanya ukishike kwa kitambaa. Ilikuwa imejaa tangu saa nne, bado iko kwenye umeme.

Tangu hapo simu zote zinalala sebuleni, juu ya vigae, bila kava, zimepangwa kama samaki kwenye meza ya mnadani. Ekstensheni ni moja na inazimwa kwenye soketi, mkubwa wa mwisho akienda kulala. Walilalamika wiki moja. Juu ya friji pia tulipaacha, kwani joto la friji linatokea nyuma na kupanda juu, na dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani usiitaje kabisa.

Inachaji polepole, au mpaka uukunje waya

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kwanza waya, halafu chaja, mwisho tundu la simu. Ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichokuwa kibovu. Kwa uzoefu wangu waya ndiyo unaoanza kufa, pale shingoni unapokunjwa.

Kama waya ni mzima lakini hauingii mpaka mwisho, tundu lina uchafu. Zima simu. Mulika tundu kwa tochi ya simu nyingine. Chukua kijiti cha meno cha mbao, pitisha taratibu ukutani mwa tundu, vuta nje. Kwenye simu ya kijana wangu kilitoka kipande cha nyuzi za jinzi kilichoshindiliwa kama blanketi dogo la bluu, na ndani yake punje mbili za mchanga. Waya ulipoingia safari hii ukalia "ta!" na kutulia. Usitumie pini wala sindano, chuma kinaweza kuunganisha meno ya ndani na kuyaunguza. Na usipulize kwa mdomo, unapeleka mate.

Hapa ndipo fumbo letu la "nani kagusa mswaki wangu" lilipofumbuka. Kijana alikuwa amesoma mahali kwamba mswaki mkavu ni mzuri kwa kusafisha matundu ya spika. Ni kweli, ni mzuri. Ila aliutumia wa shangazi yake, kisha akaurudisha kikombeni. Mswaki wa kusafishia simu uwe mzee, mkavu, na ukae kwenye droo ya bisibisi.

Swali linaloingia humuhumu: pawabenki ya mAh 10,000 mbona inajaza simu ya mAh 5,000 mara moja na kidogo tu, je, tumeibiwa? Si lazima. Ile 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani. Ikipandishwa kuwa volti 5 za kutoka inabaki kama 7,400, na nyingine inapotea kwa joto njiani. Ukipata 6,000 na zaidi, umenunua kitu halali.

Imelowa

Usiichaji. Izime, ifute, isimamishe tundu likiangalia chini mbele ya feni, iache mpaka kesho. Mchele uache jikoni: mwaka 2024 hata Apple walionya wateja wao wasizike simu kwenye mchele, maana vipunje vyake vinaingia tunduni.

Kioo kinainuka au mgongo umetuna

Hii haina majaribio. Betri imejaa gesi. Usichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usilale nayo chumba kimoja. Iweke juu ya saruji mbali na mapazia, kesho ipeleke kwa fundi aitoe. Kumbuka zile simu za zamani zilizosahaulika kabatini, zinatuna kimyakimya. Na betri iliyotolewa isiingie kwenye taka tunazochoma nyuma ya nyumba. Lithiamu kwenye moto inalipuka.

Mswaki unanuka, au shina lake linateleza

Turudi bafuni. Siku niliyoamua kulichunguza hili nilitoa miswaki yote saba, nikageuza kikombe. Chini kulikuwa na uji wa kijivu: mate, dawa ya mswaki na maji ya wiki kadhaa. Kila shina lilikuwa limesimama ndani ya uji huo, na vichwa saba vinakumbatiana juu kama watu kwenye daladala.

Vijidudu vya kinywani kila mtu anavyo, na mswaki lazima uvibebe. Shida ni mswaki usiokauka. Unaotumiwa asubuhi na kukaa kwenye unyevu mpaka usiku unavipa vijidudu mchana mzima wa kuzaliana, na weusi ule kwenye mizizi ya nywele ni kuvu.

Baada ya kutumia, suuza kwa maji safi huku ukipitisha kidole gumba kwenye nywele mpaka povu liishe. Kung'uta mara tatu, kwa nguvu. Simamisha kichwa juu, penye hewa, usigusane na mwingine. Sisi tulikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatoboa kitako chake kwa msumari uliopashwa moto, na pembeni matundu saba ya kupitishia mashina, kila mtu na lake. Imening'inizwa dirishani kwa waya. Maji yanadondoka, upepo unapita. Kila Jumamosi inaoshwa kwa sabuni pamoja na vyombo.

Na dirisha hilo liko koridoni, maana tuliuhamisha mswaki kutoka bafuni. Ukivuta maji ya choo, au ukimwaga ndoo kwa haraka, matone madogo yasiyoonekana yanaruka na kutua kwenye vitu vya karibu. Mmarekani Charles Gerba, mtaalamu wa vijidudu, na wenzake waliliandikia hili tangu 1975. Kufunika choo kabla ya kuvuta kunasaidia kiasi, lakini choo chetu kifuniko chake kilivunjika zamani. Mama mkwe alisema miswaki koridoni ni aibu mbele ya wageni. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, mgeni akiiona atajua tunapiga mswaki." Akanyamaza, ila kitambaa cha kuifunikia wageni wakija alikishona.

Vipi mende? Ni kweli wanakuja usiku kulamba mabaki ya dawa ya mswaki, na ndiyo maana watu wananunua vile vifuniko vya plastiki. Kifuniko kilichobana kinafungia unyevu ndani, unakimbia mende unakutana na harufu. Kitumie safarini tu, chenye matundu. Nyumbani suuza dawa yote itoke, ning'iniza mswaki, halafu pigana na mende wenyewe.

Kuchemsha usichemshe. Nywele za mswaki zimekuwa za nailoni tangu 1938, na maji yanayochemka yanazipinda. Dawa za kusafishia sakafu nazo hazina kazi mdomoni.

Nywele zimechanua baada ya mwezi mmoja

Mswaki wa kawaida unadumu miezi mitatu mpaka minne. Wako ukifanana na fagio la chelewa lililochakaa ndani ya mwezi, unasugua kama unayesugua sufuria. Nunua wenye nywele laini, ushike kwa ncha za vidole kama kalamu. Nguvu haiongezi usafi, inasogeza fizi juu na kuacha shingo ya jino wazi, na hapo ndipo maji baridi yanapoanza kukuuma.

Fizi zinatoka damu

Wengi wakiona damu wanaacha kupiga mswaki upande huo. Ni kinyume chake. Mara nyingi damu inatokana na ukoga uliokaa pembeni mwa fizi, na ukiuacha fizi inazidi kuvimba. Piga mswaki taratibu mara mbili kwa siku, dakika mbili, hasa pale panapotoka damu. Zikipita wiki mbili bila nafuu, au jino linacheza, au kuna usaha, nenda kwa daktari wa meno. Ukoga uliogandamana hautoki kwa mswaki wowote.

Mtu ametumia mswaki wa mwenzake

Tupa, nunua mwingine, bei yake ni ya soda. Sababu si kinyaa peke yake: fizi zinatoa damu kidogo usiyoiona, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kama aliyeutumia anajulikana kuwa navyo, nenda kituo cha afya mapema ukaeleze. Ili isijirudie, funga uzi wa rangi kwenye kila shina. Watoto wetu wameandikwa herufi kwa rangi ya kucha.

Mafua ya kawaida hayahitaji kutupa mswaki. Usiguse wa wengine tu.

Bibi hana hata moja kati ya shida hizi. Yeye anatumia mswaki wa mti, ule mti wenyewe unaoitwa mswaki, Salvadora persica, uliokipa jina hiki cha plastiki. Kila asubuhi anakata ncha ya jana, anatafuna mpya. Ukimweleza habari za kikombe na uji wa kijivu anakuangalia kwa huruma.

Mswaki wa umeme hauwaki

Huu ni wa shemeji, alioletewa na ndugu yake kutoka Marekani. Chaja ya simu yako ukiisoma kwa herufi zile ndogo utakuta imeandikwa 100-240V, yaani inakubali umeme wa huko na wa huku. Kitako cha mswaki wake kiliandikwa 110-130V. Ukutani kwetu zinatoka volti 230. Alikichomeka jioni, watu wamekusanyika kutazama, ikasikika "pu!" na harufu ya plastiki. Angesoma kwanza, au angetumia transfoma ya kupunguza umeme, kitako kingekuwa kizima.

Mswaki wenyewe haukuungua, kilichoungua ni kitako cha kuchajia. Anaendelea kuutumia. Anausugua kwa mkono.